Bawabu wa Rehema Hulowa Nje

"Bawabu wa rehema hulowa nje," Nakunda alimwambia Eliamini, aliyekuwa ameziba mlango wa jiko la kanisa kwa mikono miwili ili Tumsifu asiingie. Tumsifu alikuwa ametoroka mazoezi ya kwaya wiki mbili, akaomba radhi, kwaya ikamsamehe. Eliamini peke yake ndiye aliyekuwa bado kwenye upelelezi.

Vijana wakacheka. Kisha wakamgeukia Mzee Kadeghe, aliyekuwa akichambua nao maharage ya sikukuu ya kipaimara. Msemo huo ulitoka wapi?

"Hapo mmefika kwa mwenyewe," akasema mzee. "Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia mlangoni mwa kanisa letu hili hili. Naijua shina na majani. Ila tuelewane mapema: aliyelowa si mimi. Tangu nibatizwe, mvua ya Jumapili haijanigusa hata ukosi."

Kando yake Mzee Mvungi, rafiki yake wa kila siku, alikuwa amesinzia, ungo wa maharage mapajani. Mzee Kadeghe akamtupia jicho, akaridhika, akaendelea.

Enzi hizo mchungaji alikuwa na mitaa mitano ya kuizungukia kwa miguu, hivyo Meza ya Bwana, ule mkate na divai ya ushirika, ilikuja mara mbili tu kwa mwaka. Kuikosa ilikuwa njaa. Siku hiyo mzee mmoja wa kanisa aliwekwa mlangoni na swali moja: "Una kinyongo na mtu?" Asiye nacho aliingia. Mwenye nacho alikwenda kwanza kupatana na mwenzake. Bawabu tunayemsema alikuwa mtu mnyoofu kama nguzo ya simu, lakini mwenye kushuku kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Miaka tisa pale mlangoni hakuwahi kusema uongo.

Maji ya mashamba nayo yalitoka kwenye ndiva, lile bwawa dogo la mlimani linalofunguliwa kwa zamu. Mwaka mmoja wa ukame, mama yake bawabu alifariki. Siku ya mazishi hakuna aliyeshika jembe. Kijiji kizima kilikuwa makaburini. Kizima, kasoro mtu mmoja. Huyo alipanda mlimani, akazibua ndiva, akayaelekeza maji yote shambani kwake. Zamu ya kesho yake ilikuwa ya bawabu. Alikuta tope na vyura. Mahindi yake yalikauka yakiwa yameanza kubeba.

Kumkamata mwizi hakukuhitaji polisi: shamba la kijani lilikuwa moja tu. Usharika ukamtenga. Mwaka mzima alikaa benchi la nyuma, Meza akiitazama kwa mbali. Mwishowe akaomba kurudi kundini. Akasimama mbele ya madhabahu, akakiri, akalia, na mchungaji akamtangazia msamaha kwa jina la Yesu.

Bawabu hakulimeza jambo hilo. Machozi gani yale, alijiuliza, yanayotoka jicho la kushoto tu? Akasikia yule mwizi anamzibulia mjane mfereji bure. Bure? Anatafuta maji yanapopita! Mwizi akamletea yeye mwenyewe mkungu wa ndizi. Bawabu akamwonjesha mbuzi wake kwanza, akakaa siku tatu akingoja mbuzi afe. Mbuzi akanenepa. Asubuhi moja akajibanza migombani, akamwona mtu wake amepiga magoti kando ya ndiva. "Anapima kina," akanong'ona. Kumbe mwenzake alikuwa anasali.

Akamwendea mchungaji. "Baba Mchungaji, yule anatuigizia. Na hata kama haigizi, mama yangu alizikwa huku naibiwa. Haki ya Mungu iko wapi?"

"Haki ilipita msalabani kabla haijafika shambani kwako," mchungaji akasema. "Dhambi ya yule ilibebwa pale. Unataka Yesu apandishwe tena kwa ajili ya mahindi yako?"

"Sijasema hivyo."

"Basi umesema nini?"

Bawabu akaondoka bila kuaga.

Jumapili ya Meza ikafika, wingu limetuna juu ya mlima. Watu wakapita mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya mwizi wa maji, swali moja likazaa watoto.

"Una kinyongo na mtu?"

"Sina, mzee."

"Jumapili ile ulilia nini?"

"Dhambi yangu."

"Kwa jicho moja?"

Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. Mama mmoja akasema, "Jamani, hii ni Meza ya Bwana au ni mahakama ya mwanzo?"

Mwizi akainamisha kichwa. "Mzee, mimi sina kinyongo na mtu. Kama kuna mwenye kinyongo nami, namwomba anisamehe, hata leo, hata hapa."

Ndani mchungaji akakohoa, kikohozi kisicho cha mafua. Bawabu akasogea nusu hatua. Mwizi akapita.

Wa mwisho, kama kawaida, alikuwa Bibi Nakijwa na fimbo yake. Akajibu swali, akavuka kizingiti, halafu akageuka.

"Na wewe, baba?"

"Mimi nini, bibi?"

"Una kinyongo na mtu? Miaka tisa unatuuliza. Bawabu naye huulizwa na nani?"

Bawabu akafungua mdomo. Kusema "sina" kulikuwa neno moja tu, na Meza ilikuwa hatua kumi mbele yake. Akaufunga.

"Tangulia, bibi," akasema. "Mimi nitabaki kidogo."

Mvua ikashuka. Kanisa halikuwa na baraza; maji yote ya bati yalimwagikia pale pale mlangoni, kichwani pake. Ndani akasikia wimbo wa Meza unaanza.

"Basi," Mzee Kadeghe akasema, akikung'uta maganda, "yule bawabu alikuwa dume. Alisimama, akakitema kinyongo chake peke yake, akaingia kwa miguu yake, akamshika mwizi mkono. Kanisa zima likalia. Ndiyo maana watu..."

"Kadeghe."

Mzee Mvungi hakuwa amefumbua macho.

"Hukuingia, ndugu yangu. Ulisimama pale unatetemeka kama kifaranga. Mimi ndiye niliyetoka."

Mikono ya vijana ikakoma juu ya maharage.

"Nilikuwa wa tatu kufika mezani," Mvungi akaendelea. "Nikaacha nafasi yangu, nikaja kusimama kando yako. Ukaniambia, 'Rudi ndani, mwizi wewe, utalowa.' Nikakwambia nini?"

Mzee Kadeghe alichambua harage moja lililokwisha kuchambuliwa.

"Nikakwambia nini, Kadeghe?"

"Ukaniambia," akasema kwa sauti ndogo, "'Yale niliyachukua peke yangu. Haya tugawane.'"

"Na tukaingia pamoja, maji yakitiririka mpaka madhabahuni. Mchungaji alikuwa ametuwekea mkate."

Kisha Nakunda akauliza, kwa adabu zote, "Kwa hiyo, babu, ule ukosi...?"

Mzee Kadeghe akamtazama Eliamini, ambaye mikono yake ilikuwa imeshashuka mlangoni bila kuambiwa na mtu.

"Ukosi ulilowa," akasema. "Bawabu wa rehema hulowa nje."