Zimwi Lililojifanya Mize

Paukwa!

Pakawa!

Hizo sauti za watu waliokwisha lala. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hadithi yangu ya leo inatoka baharini na si nzuri. Anayeogopa aseme sasa, asogee karibu nami. Wewe Fumo, hebu ziache nywele za mwenzio.

Hapo kale, kisiwani, palikuwa na mama aitwaye Somoe. Mumewe alikwisha kufa, akabaki na binti mmoja tu, Mize, mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka.

Wanawake wa kisiwa hicho walichokoa pweza. Maji yakitoka, walitembea juu ya mwamba na vijiti vyao, wakichungulia mashimo. Na walikuwa na mwiko wao: maji yakianza kurudi, kila mama amshike mwanawe mkono. Chini ya mwamba ule lilikaa zimwi.

Zimwi hilo lilijifunza hila kwa viumbe wa bahari. Kwa pweza lilijifunza kujigeuza rangi na umbo. Kwa bunju lilijifunza kuvimba. Kwa kaa lilijifunza kuliacha gando mkononi mwa adui na kwenda zake kuota jingine. Wenyewe hutumia hila hizo ili wasiliwe. Zimwi lilizitumia ili lile.

Siku moja maji yakaanza kurudi. Wanawake wakaita, "Somoe, twende!" Somoe alikuwa ameona pweza mkubwa shimoni, roho ikamtamani.

"Nisubiri hapo hapo, mwanangu. Usitikisike."

"Haya, mama."

Basi akainama, akachokoa, akavuta, akavuta. Alipoinua kichwa, Mize alikuwa palepale. Akamshika mkono, mkono wa baridi, wakaenda nyumbani.

Nyumbani mtoto akala wali akamaliza sufuria.

"Mize, una nini?"

"Sina kitu, mama. Nina njaa tu."

Kesho yake akala samaki wabichi, na miba yao.

"Mize, una nini?"

"Sina kitu, mama. Nina njaa tu."

Mara kuku nao wakatoweka bandani, yakabaki manyoya.

"Mize, una nini?"

"Sina kitu, mama. Nina njaa tu."

Somoe akayafagia manyoya. Moyoni alijua kuna jambo, lakini ni mama gani anayetaka kujua jambo kama hilo?

Siku moja mchana mtoto akalala mkekani. Mmewahi kumwona pweza akilala? Hata usingizini ngozi yake haitulii, hubadilika yenyewe. Basi Somoe akauona mkono wa mtoto unageuka rangi ya mchanga. Ukageuka rangi ya mwamba. Ukageuka rangi ya mwani. Akajiziba mdomo kwa kanga, akatoka mbio mpaka kwa kaka yake Shee, mvuvi wa kasa.

"Kaka, aliye nyumbani kwangu si mwanangu!"

Shee alisikiliza mpaka mwisho. "Tukilichoma mkuki litakimbilia shimoni livimbe kama bunju, na hatutalitoa. Tukilifunga mkono litauacha kama kaa. Labda chazo wangu."

Chazo ni samaki mwembamba, na utosini ana kitu kama soli ya ndala. Kwa hicho hunata kwenye gamba la kasa. Wavuvi humfunga kamba mkiani, wakamwachia majini, akinata wanamvuta yeye na kasa wake.

"Sikiliza, dada," Shee akasema. "Chazo akivutwa nyuma hunata zaidi. Kamba ikilegea huachia. Atanata mgongoni, maana mgongo haukatwi ukaachwa. Kamba ushike wewe, mimi likiniona litakimbia. Litakufuata, wewe rudi nyuma. Litalia kwa sauti ya Mize. Rudi nyuma."

Basi Somoe akamwambia yule mtoto, "Twende tukaoge." Wakaingia maji ya kiunoni, Somoe ameificha ncha ya kamba mkononi. Shee, nyuma ya jiwe, akamwachia chazo. Chazo akaenda, akanata mgongoni. Zimwi likageuka, likanyoosha mikono.

"Mama, nibebe."

Somoe akarudi nyuma. Zimwi likavimba. Chazo akanata.

"Mama, nibebe."

Somoe akarudi nyuma. Zimwi likauacha mkono mmoja ukaelea majini. Chazo akanata.

"Mama, nibebe," likasema, na machozi yanalitoka. Machozi ya Mize kabisa. Somoe naye analia, kamba inamkata viganja, akarudi nyuma.

Zimwi likachoka. "Niachie, nitakupa mwanao."

"Mtoe kwanza!"

Likainua jiwe kubwa, na Mize akatoka katika shimo lisilojaa maji, yu hai, midomo imepasuka kwa chumvi. Shee akaipokea kamba, akaliburuta zimwi mpaka mchanga mkavu, jua likalikausha, likafa. Chazo akarudishwa majini.

Mize akaja mbio juu ya mwamba, amenyoosha mikono.

"Mama, nibebe!"

Somoe akarudi nyuma.

Ndiyo, wanangu, akarudi nyuma. Miguu ilikuwa imekwisha zoea.

"Dada!" Shee akapiga kelele. "Huyo ndiye!"

Somoe akamrukia mwanawe, akambeba, akamlilia shingoni, akambeba mpaka nyumbani. Lakini Mize alikuwa amekwisha ona. Tangu siku hiyo alikula, alicheza, alikua, akaolewa na watu wakala pilau. Ila hakumwomba tena mama yake ambebe, na Somoe hakuthubutu kumuuliza kwa nini.

Basi nanyi mkija kuwa na watoto wenu, maji yakianza kurudi mwacheni pweza, mshikeni mtoto. Msimwambie asubiri. Mshikeni.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye ya kuchekesha aitoe yeye.