Teke la Punda na Kongwa la Fisi

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mamba akaonekana akiomba maji ya kunywa. Mbuga nzima kilibaki kisima kimoja tu, nacho kilikuwa mlangoni kwa Simba. Simba mwenyewe hakukichimba. Alikikuta, akakaa kando yake, akanguruma, basi kikawa chake.

Fisi, mnyapara wake, akatangaza: "Anayetaka kunywa atavaa kongwa na kumtumikia Mfalme mpaka mvua inyeshe."

Kongwa ni mti wenye panda. Shingo huingizwa kwenye panda, kipingo kikapigiliwa nyuma, na mpini mrefu ukabaki umetokeza mbele. Aliyelivaa aliweza kula majani ya vichakani, na maji alinyweshwa kwa kata, lakini kuinama mpaka chini hakuweza. Na aliyethubutu kumchomolea mwenzake kipingo aliliwa.

Wanyama walikuwa na kiu, wakavaa. Mvua ikanyesha. Ikanyesha tena mwaka wa pili na wa tatu, hata vyura wakachoka kuimba. Makongwa hayakuvuliwa.

"Hiyo si mvua," Fisi alisema huku maji yakimchuruzika puani. "Ni umande mzito."

Njia ya kulalamika ilikuwepo, maana Simba alijiona mfalme wa haki. Mwenye ombi alipaswa kupiga magoti na kugusisha paji la uso chini. Sasa, ukiwa na kongwa, mpini hugonga ardhi kabla ya paji lako. Kwa hiyo miaka mitatu ilipita bila ombi hata moja kusikilizwa, na Simba akajisifu kwamba raia wake hawana malalamiko.

Punda, aliyebeba viriba vya maji vya Simba, aliomba mara saba na kurudishwa mara saba. Asubuhi moja Fisi akaja na kongwa dogo, jipya, limelainishwa vizuri, akaanza kumpima shingo mwanawe Punda, ambaye hata ziwa alikuwa hajaacha. Punda aligeuka, akalenga, akamtandika Fisi teke lililong'oa meno matatu ya mbele. Kisha akalikanyaga lile kongwa dogo mpaka likawa vibanzi. Ningekuwepo ningempigia makofi.

Fisi akamburuta barazani. Hukumu ilijulikana kabla ya kesi: Punda ataliwa. Fisi alikuwa ameshachagua paja.

"Sikatai kwamba utumwa una uchungu wake," Fisi alisema kwa sauti ya huruma. "Lakini mateke, Mfalme wangu? Kwa nini asingeomba kwa adabu? Na kongwa lenyewe ni jepesi!"

Sungura, ambaye hakuwahi kuvaa kongwa kwa sababu maji alikuwa akiyaiba, akainua mkono. "Jepesi kiasi gani, Bwana Mnyapara?"

"Ningelivaa kutwa nzima nikicheza ngoma."

Sungura akaokota kongwa tupu lililokuwa kando ya baraza, kisha akatoa mfupa wa goti uliojaa uboho. "Livae mpaka hukumu itoke. Ukivumilia, huu wako."

Fisi alikuwa ameshaingiza shingo kabla hajaambiwa mara ya pili. Sungura akapigilia kipingo, akauweka mfupa chini mbele yake. Fisi akainama. Mpini ukagonga ardhi, mdomo ukakwama juu ya mfupa, mate yakitiririka.

"Nisogezee."

"Omba kwa adabu," Sungura akamjibu. "Magoti chini, paji ardhini."

Fisi akapiga magoti. Mpini ukagonga tena.

"Paji halijagusa. Njoo kesho."

"Mfupa wangu huo!"

"Njoo kesho, baba."

Fisi akapandwa na wazimu. Akautafuna mpini, akapiga teke viti vya wazee, akazunguka kwa nguvu hata ncha ya mpini ikamchapa Simba puani. "Nitoeni! Nimefungwa! Aliyefungwa mnataka afanye nini?"

Baraza zima likamgeukia.

"Rudia, Bwana Mnyapara," Sungura alisema. "Waliokaa nyuma hawakusikia."

Akarudia, tena kwa kupiga kelele, mjinga yule.

Sungura akamgeukia Simba. "Mfalme, Punda alivumilia miaka mitatu, akaomba mara saba, akapiga teke moja kwa ajili ya mtoto wake. Huyu amevumilia kwa muda wa kupiga chafya, na pua yako inatoka damu. Nani hapa hana adabu?"

Simba akajifuta pua. "Sheria ni yangu," alisema. "Punda ataliwa."

Nyati, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kutoa sauti barazani zaidi ya kukohoa, akamsogelea Punda. Akakisukuma kipingo chake kwa ncha ya pembe mpaka kikadondoka. Punda akakichomoa cha Nyati kwa meno. Kisha wakamfungua Pofu, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, Pofu akamfungua Ngiri, na makongwa yakaanza kuanguka barazani kote.

Simba akanguruma. Akazitazama zile pembe zilizokuwa huru, zote zimemwelekea yeye, akakumbuka ana shughuli mlimani. Aliondoka kwa maringo, akisema nia ya kuwaachia alikuwa nayo siku nyingi.

Fisi akabaki katikati, kongwa shingoni. "Mama Punda, nifungulie."

Wengi walisema aachwe hivyo hivyo. Punda alimtazama kwa chuki, wala hakuificha. Kisha akakichomoa kipingo.

"Sikufungulii kwa kukupenda," alimwambia. "Sitaki mwanangu akue akiliona dude hili kwenye shingo yoyote."

Akageuka, akainua mguu. Fisi akaziba mdomo upesi kuyalinda meno yaliyosalia, lakini safari hii teke lilikuwa la kongwa.

Mpaka leo, akitokea muungwana wa kuuliza kama Punda hakuzidisha, wanyama hawabishani naye. Humwambia akamuulize Fisi, aliyelivaa kwa muda wa kutamani mfupa tu.