Sendofu ya Chupa

Acheni kutazamana. Naiona midomo inavyopinda huko nyuma, hata sala ya kufungua haijapoa, mnasema bibi ameanza tena, hakuna mtu duniani anayeifanyia pombe sendofu kama bibi harusi anayeagwa kwao. Hakuna? Nyie mliokata keki kwa ajili ya pikipiki? Nyie mliokodi spika na turubai kwa sababu mtoto amemaliza chekechea? Hamna haki ya kushangaa lolote. Kaeni vizuri, na asiyeamini asiamini kimya kimya.

Kulikuwa na mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga. Mke anaye, binti anaye, mashine yake inanguruma tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na muda wote huo hana neno na mtu. Shida yake ilianza mashine ikinyamaza. Si mnajua kelele ikikatika ghafla masikio yanavyobaki matupu? Yeye alibaki mtupu mwili mzima. Alikuwa anapangusa unga kwenye kope, anafunga kufuli, na miguu inampeleka baa yenyewe bila kuulizwa. Ikawa hivyo miaka na miaka.

Mwishowe tumbo likavimba, macho yakawa ya njano. Akaenda hospitali na mkewe. Daktari hakuwazungusha. "Ini limechakaa," akasema. "Ukiacha sasa hivi, unaweza kumwona binti yako akiolewa. Usipoacha, mama hapa ajiandae kwa jambo lingine."

Walirudi kwa miguu, wakipita katikati ya migomba. Walipokaribia nyumbani mwanamume akasimama, akalia. Mkewe hakuwahi kuyaona machozi yake, hata siku alipomzika mama yake.

"Naacha, Mama Aikaeli," akasema. "Safari hii naacha."

Lile neno mke alikuwa amelisikia mpaka limepauka. Lakini siku hiyo lilitoka na sauti nyingine. Akaliamini. Akaingia jikoni akapika huku akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Sasa, mtu wa kwetu akiamua jambo haliwi jambo mpaka liundiwe kamati. Mwenye mashine alimweleza rafiki yake mmoja. Rafiki akawaeleza wengine. Kufika Jumapili kamati ipo, ina mwenyekiti na katibu, imeshakaa vikao.

"Kamati ya nini?" mke akauliza.

"Ya sendofu, shemeji," mwenyekiti akajibu. "Mtu hawezi kuachana na kitu alichoishi nacho umri wote huu kama anatupa ganda la ndizi. Lazima kiagwe kwa heshima."

"Kinaagwaje?"

"Shemeji na wewe. Utakiaga vipi chenyewe kisipokuwepo?"

Watu wakacheka. Mke naye akacheka. Kwa kicheko hicho alikuja kujichukia sana.

Sherehe ikafanyika, tena haikuwa ndogo. Mbuzi mzima wa kuchoma kasimamishwa mezani na majani mdomoni, kama tunavyofanya kwenye harusi. Chupa moja ya bia ikavishwa shela, ikaketishwa kiti cha mbele. Katibu akasoma risala. Mzee wa kanisa akaombea chakula, akasema huu ni ushuhuda ambao haujawahi kutokea mtaani kwetu. Mwenye mashine akainuka, akatamka mbele ya wote kwamba kuanzia kesho yeye ni mtu mpya. Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Watu wakapanga mstari kumpa mkono, na kila aliyefika alimwambia, "Tuko pamoja." Wakanywa za kuagia. Yeye pia, kwa kuwa mwenye sherehe hakai mikono mitupu.

Kesho yake mashine ikanguruma. Saa kumi na moja ikanyamaza.

Alifika nyumbani mikono inatetemeka, chai ikamwagikia suruali. Mkewe akaacha kila kitu, akakaa naye. Ng'ombe akalia bandani, maziwa yamemjaa, mke hakuinuka. Wakaongea mambo ya ovyo: jirani aliyeuza jogoo mgonjwa, binti yao alivyokuwa akila udongo utotoni. Giza likaingia, mtu akalala. Siku ya pili vilevile. Lakini jioni ndiyo saa ya kukamua, ndiyo saa ya kukata majani na kuwasha moto, na mke ana mikono miwili tu kama nyie. Siku ya tatu mumewe akamwambia, "Ikipita ile saa nakuwa mzima. Ni ile saa tu. Nitafutie watu. Sitaki mchango, sitaki risala. Mtu aje akae hapa na mimi mpaka giza liingie, basi."

Mke akaona hilo ni jepesi. Si wote walisema wako pamoja naye? Akajifunga khanga, akaenda kwa mwenyekiti.

"Shemeji, jioni ndiyo nafasi yangu ya kupumua kidogo," mwenyekiti akasema. "Lakini mwambie tuko pamoja."

Akaenda kwa katibu. "Nije tukae tunaangaliana?" katibu akauliza. "Kwenu hata televisheni ya kuangalia mpira hamna."

Akaenda kwa mzee wa kanisa, akamkuta anakunywa uji. "Tunamkumbuka kwenye maombi, mama."

"Mkumbukeni mkiwa mmekaa kwangu," mke akasema.

Mzee akacheka sana, akadhani ametaniwa.

Nawauliza: walikuwa watu wabaya hao? Hapana. Mngekutana nao mngewapenda. Wengine mnawajua, mnalala nao kitanda kimoja.

Mwanamume akajikaza peke yake. Alikuwa anazunguka nyumba kama anatafuta sindano. Alipasua kuni mpaka kuni zikaisha, akaanza kupasua nguzo za uzio. Kuna jioni mke alimkuta ameinama bandani, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, anavuta pumzi pamoja naye. Mke akarudi nyuma kimya. Alidhani akimwacha hivyo atavuka.

Hakuvuka. Siku moja mke yuko anakamua, akasikia mashine ikinyamaza, akasikia kufuli. Akasubiri miguu. Miguu haikuja. Akatoka na mikono inanuka maziwa, akaenda moja kwa moja baa, wala hakujiuliza pengine pa kwenda.

Alimkuta amekaa katikati ya mwenyekiti na katibu. Mezani kuna soda, na pembeni ya soda kuna glasi nyingine ambayo haikuwa ya soda.

"Shemeji, usikasirike," mwenyekiti akasema, akimpisha kiti. "Kaja mwenyewe. Sisi tunamsindikiza tu na soda."

Mke hakukaa. Alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa hajalewa bado. Macho yalikuwa yake yote.

"Mama Aikaeli," akasema polepole, "nilipofika hapa mtu alinivutia kiti."

Mngemjibu nini? Mke akarudi kumalizia kukamua.

Mvua za masika zilipokatika mwenye mashine alikuwa ameshazikwa. Alitapika damu asubuhi, mchana kamati ikawa imekaa. Siwadanganyi, walifanya kazi. Walichimba, walibeba, walilisha watu, hakuna kilichopungua.

Na jioni ya mazishi, saa kumi na moja, wakaja. Mwenyekiti, katibu, mzee wa kanisa, na wale wote wa mstari wa kumpa mkono. Wakaketi kwenye mabenchi uani kwa marehemu kukaa matanga, wakaongea mambo ya ovyo, jogoo na mvua na bei ya mbolea, mpaka giza likaingia. Kesho yake wakaja tena saa ileile. Na keshokutwa. Hakuna aliyekumbuka mpira, hakuna aliyetaka kupumua.

Siku ya tatu mke akasimama mbele ya mwenyekiti na birika la chai.

"Leo hupumziki, shemeji?" akamuuliza.

"Tutapumzikaje?" mwenyekiti akasema, na machozi ya kweli yalikuwa yanamlenga. "Tumekuja kukaa na wewe, usiwe peke yako."

Mke akammiminia chai. Akaendelea na wengine. Mikono yake haikutetemeka, na mimi namsikitikia kwa hilo kuliko kama angelia.

Basi, sisi. Tukisikia mtu anataka kubadilika, tunafanya nini? Tunashangilia neno. Huyu ametangaza ataamka alfajiri, yule ametangaza ataacha sukari, mwingine amesimama hapahapa akasema hatawapiga tena wanawe, tukampigia vigelegele mpaka akaamini ameshaacha. Halafu tunamwacha na ile saa yake. Kila mwenye tabia anayo saa moja inayomshinda, na hashindwi siku nzima, anashindwa hapo tu. Nani kati yenu anaijua saa ya mumewe? Ya dada yake? Anayepanga nyumba moja na wewe, saa yake ni ipi? Hamjui. Mnajua saa ya mazishi.

Tumejaliwa kukaa na wafiwa hata siku saba bila kuchoka, na kukaa na mtu aliye hai mwenye kiu jioni moja tunaona kazi. Mimi nimeliona hili tangu nikiwa msichana, na sijaona likibadilika. Sitawadanganya kwamba mfano huu utalibadilisha. Mtaniambia nimesema vizuri, mtaurudia nyumbani, mtacheka pale kwenye chupa iliyovishwa shela, basi, imeisha.

Lakini nauliza hata hivyo. Leo jioni, nani ataacha ng'ombe wake alie, aende akakae kwa mtu ambaye hajafa bado? Anyooshe mkono nimwone.

Mmeinama.

Haya. Sala ya kufunga ombeni wenyewe, maana kuomba mnaweza. Asinifuate mtu kunishika mkono na kunisifu. Sogeza mguu wako hapo, mama, nipite. Natoka, na mlango naufunga.