Frasila Sita za Sultani

Hapo zamani, mizani ya kilo ilipokuwa bado ngeni na watu wakiipita kwa adabu kama mkwe, palikuwa na Sultani katika mji wa Tumbeya, jina lake Masudi, mtu mwenye moyo mkubwa na mwili mkubwa zaidi. Babu yake aliacha wakfu wa shamba la mtama, kwamba kila mwezi kila nyumba ya fukara ipewe frasila moja, na mafukara wakaishi kwa frasila hiyo.

Ikawa waziri wake, Badi, akaagiza mizani ya kilo kutoka ng'ambo. Mawe ya zamani ya kupimia akayatia katika msingi wa hamamu mpya ya kuogea Sultani, yakamwagiwa chokaa, yakapotea. Kisha akatangaza, "Tangu leo frasila moja ni kilo kumi." Alipoulizwa hesabu hiyo kaitoa wapi, akajibu kwamba kumi ni rahisi, kila mtu anayo kwenye vidole vyake.

Basi mwezi ule fukara mmoja aitwaye Shekue, ambaye mali yake yote ilikuwa mdomo, akapeleka mtama wake nyumbani. Mkewe, Mwanaesha, akaumimina mtungini. Siku zote frasila ilifika shingoni mwa mtungi; siku hiyo ilikomea tumboni.

"Mume wangu, umeuza njiani?"

"Wallahi sijauza hata punje."

"Basi mwezi ukielekea mwisho watoto watakula nini? Watakula maneno yako?"

Yalimchoma maneno yale, kwa kuwa yalikuwa kweli. Akashika njia hadi barazani, akainama mbele ya Sultani. "Bwana wangu, kilo kumi hazitimizi frasila. Mtungi wa mke wangu umekataa."

Waziri akacheka. "Tangu lini mtungi ukatoa ushahidi?"

Sultani, ambaye hakupenda bughudha kabla ya chakula cha mchana, akanena, "Shekue, mimi nahukumu kwa mizani, si kwa mitungi. Ijumaa niletee hapa frasila ya zamani, niipime mbele ya watu. Ukiileta, mafukara watarudishiwa haki yao. Ukishindwa, uhame mji huu, wewe na watu wa nyumbani kwako na huo mtungi wenu."

Watu wakamsikitikia, maana nani asiyejua kwamba mawe yako chini ya hamamu? Shekue akauliza, "Na nikileta frasila sita kwa pamoja, Bwana wangu, zitakubaliwa?"

"Hata sita!" akacheka Sultani. "Mradi ziwe zilipimwa kwa mawe ya babu yangu."

Ijumaa baraza likafurika. Mwanaesha alikuja na mtungi kichwani, vyombo vingine keshavifunga tayari kwa kuhama. Shekue akaja mikono mitupu.

"Ziko wapi frasila zako?" akauliza Sultani.

"Zimenitangulia, Bwana wangu. Zimeketi pale kwenye kiti cha enzi."

Watu wote wakamgeukia Sultani. Shekue akaendelea, "Si desturi yetu kwamba kila mwaka, siku ya kutawazwa, Sultani hupimwa kwa tende, na tende wakapewa watoto? Mwaka huu mawe ya babu yako yalikuwa hayajazikwa, na mpiga mbiu akautangazia mji kwamba Sultani ni frasila sita kamili. Kwa hiyo, Bwana wangu, kipimo cha zamani kilichobaki ni wewe. Tafadhali panda mizani hii ya kilo."

Sultani alikuwa ameahidi, basi akapanda. Minyororo ikalia. Makarani wakaweka vyuma, wakaongeza, wakaongeza tena, hata mizani ikatulia kwenye kilo tisini na sita.

Hapo Shekue akaanza kuizunguka mizani, akachungulia chini, akainua pindo la joho la Sultani.

"Unatafuta nini, mwanakwetu?" akauliza Sultani.

"Namtafuta mtu wa pili. Kwa tangazo la waziri, frasila sita ni kilo sitini, na hizo ndizo zako. Hizi thelathini na sita zilizozidi ni za nani? Asije akawa mwizi kajificha humo."

Waziri akadakia. "Labda... labda tangu siku ile Bwana wetu amenenepa."

Sultani akageuka polepole. "Nimenenepa, Badi?"

"La, Bwana wangu! Umbo lako ni lile lile!"

"Lile lile?"

"Lile lile kabisa! Hujaongezeka hata punje!"

"Waziri mwenyewe kashuhudia," akasema Shekue.

Sultani akaangua kicheko hata minyororo ikacheza naye. Aliposhuka, akaamuru frasila ihesabiwe kilo kumi na sita, na pungufu ya kila nyumba ipelekwe na waziri kwa bega lake mwenyewe.

"Nawe, Shekue, nikutunze nini? Upewe mtama wa uzito wako?"

Shekue akazitazama mbavu zake. "Mbavu hizi si za kupimwa, Bwana wangu. Nipe zile kilo thelathini na sita zisizo na mwenyewe." Akapewa.

Jioni Badi akabisha hodi kwa Mwanaesha, gunia la pungufu begani, kanzu imelowa jasho.

"Mimina humu, Bwana Waziri," akasema Mwanaesha, akimsogezea mtungi. "Taratibu, usimwage."

Waziri akamimina huku akihema, na mtama ukapanda, ukapita tumbo, ukafika shingoni. Mwanaesha akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hekaya yangu imeutua mzigo wake hapo. Anayeona umepungua, na alete mizani yake.