Kitana cha Nunziata

Sogeeni, wajukuu wangu, sogeeni karibu. Kale, kale ya kale, mawe yalipokuwa laini bado na mtu akiweza kujichimbia nyumba kwa jembe, palikuwa na mji mdogo huko Italia, juu ya jabali, jina lake Castelrovo. Nyumba zake zilichimbwa mwambani, moja juu ya nyingine, hata paa la huyu likawa ua wa yule. Mnacheka? Ndivyo ilivyokuwa.

Mji mzima ulikuwa na tanuri moja. Juu ya kila mlango palichongwa alama: hapa nyota, pale mbuzi, kule ufunguo. Na alama iyo hiyo ilichongwa kwenye kipande cha mti, ikagandamizwa juu ya donge la mkate, mikate isije ikachanganyika motoni. Zamu ya kuoka ilimfikia mtu mara moja kwa siku nane. Mkate usio na alama ulikuwa wa wapita njia.

Basi akaja Nunziata, mjane kutoka bondeni, na baba yake kipofu. Wakapewa pango lenye mlango mtupu. Nunziata akakanda unga, akachora mstari kwa ukucha, akapeleka tanurini. Donge likaumuka, likaumuka, likaumuka, mstari ukapotea.

"Mkate huu wa nani?" akauliza Mzee Rocco, mwokaji.

"Wangu, mzee."

"Kila mtu atasema hivyo, binti yangu. Hasa ukitoka mzuri namna hii."

Mkate ukaliwa na wachuuzi waliopita njia na punda wao. Nunziata na baba yake wakala majani ya kuchemsha siku nane.

"Mbuzi wa mji huu wataanza kunionea wivu," akasema baba.

Nunziata hakukasirika. Alitaka kujua tu: alama hizi zilitoka wapi? Akabisha mlango wa nyota. Mama Donata, mwenye nyumba, akakuna kichwa, akaenda kumwuliza bibi yake. Kumbe babu yao wa kwanza alifika akifuata nyota, njia haijui. Akabisha mlango wa mbuzi: bibi yao alikuja na mbuzi mmoja, hana kingine. Akabisha mlango wa ufunguo: babu yao alifukuzwa kwao, akabaki na ufunguo wa nyumba asiyoirudia tena.

"Baba, wote hawa walikuja," akasema Nunziata.

"Na sisi tulikuja na nini?"

Akafikiri. Walikuja na kitana cha mfupa cha marehemu mama yake.

Zamu ilipofika, akakiosha, akakigandamiza kwenye donge hadi meno yakazama. Mkate ukatoka tanurini, na meno yote yanaonekana.

"Leo tutakula nywele," akasema Mama Donata, na wanawake wakacheka, Nunziata pia.

Mzee Rocco akautazama mkate muda mrefu. Hakuuliza wa nani.

"Nitamtuma fundi mlangoni kwako na patasi," akasema. "Meno ni kumi na mawili. Asipunguze hata moja."

Nyumbani, yule kipofu akaupapasa mkate, jino kwa jino, mpaka la kumi na mbili. Kisha akaumega.

Wajukuu wangu, mkikuta mlango mtupu, msiseme hapana mtu. Bisheni, mumwulize aliyemo amekuja na nini.

Kisa changu kimeiva, nimekitoa motoni. Kila mmoja achukue kipande chake.