Majani ya Sayari ya Buluu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, wa nyuma wamelala. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa mafundi, Nyani aliunda chombo cha chuma. Kina macho, hakina tumbo. Kinaona, hakili. Wakakirusha, vuuuu! Kikaenda, kikaenda, miaka kumi na miwili, hadi sayari ya mwisho kabisa, ile ya buluu.

Kilipofika huko, huku nyumbani mvua ilikuwa imekata. Mto umekauka. Majani yamekauka. Wanyama mbavu nje.

Juu ya jabali palikuwa na dishi kubwa la kunasia sauti ya chombo. Msikilizaji alikuwa Korongo. Ni yeye tu aliyevaa vikombe vya masikioni vya kusikilizia. Na chini ya jabali aliishi Bi Pimbi, kazi yake kulifuta dishi vumbi.

Kila asubuhi Korongo alitangaza, "Chombo kimeona mto! Chombo kimeona majani hadi magotini!"

Wanyama wakashangilia. Nyani akaanza kuunda chombo cha pili, chenye viti. Mama Digidigi na wanawe wawili wakachaguliwa kutangulia.

Pimbi hakushangilia. Alimtazama Korongo. Mbona kabla ya kusema anatazama kwanza nyuso za wenzake? Mbona wakinung'unika sana, mto unakuwa mpana zaidi?

Siku ya safari ikafika. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, Pimbi akapanda jabali akitafuna jani kavu.

"Kaka Korongo, hebu kiulize chombo. Maji ya huko matamu au ya chumvi?"

"Unaniona mwongo, dada?"

"Nimeuliza maji tu."

Korongo akagonga kidude cha kupelekea ujumbe, ko-ko-ko. Akainamisha shingo. Akasikiliza.

"Matamu! Matamu kama ya chemchemi!"

Pimbi alikuwa hajameza lile jani.

Akashuka mbio, tipu tipu tipu, hadi kwa Nyani. Nyani alikuwa anakaza misumari ya mwisho.

"Baba Nyani, sauti yetu inachukua muda gani kufika kule?"

"Ni mbali, mwanangu. Muda wa saa nne kwenda, saa nne kurudi. Ukiuliza asubuhi, jibu ni jioni."

"Na likija kabla sijameza?"

Nyundo ikamponyoka Nyani. Ngwaa!

Wakaenda kwa Mama Digidigi. Alikuwa ameshaketi ndani ya chombo, watoto wamefungwa mikanda.

"Shuka, mama," akasema Pimbi. "Tusubiri jioni."

"Mwenzangu, wanangu hawajala tangu juzi. Unatuzuia kwa nini?"

"Nina shaka. Nikikosea, mtaondoka kesho, na mimi mnitukane."

Mama Digidigi akamtazama sana. Kisha akafungua mikanda.

Wakapanda jabalini, Nyani akavivaa vikombe vya Korongo. Wakangoja. Jua la utosi, wakangoja. Korongo akasimama mguu huu, akahamia mguu ule. Pimbi akajiuliza: je, kama maji ni matamu kweli?

Jua likainama. Ti. Ti-ti. Ti.

Nyani akasikiliza, macho yamefumbwa. Akasema polepole, "Kinasema hivi: Sijaona maji ya kunywa. Sijaona ardhi ya kukanyaga. Ni upepo na baridi. Bado ninatazama."

"Na majani?" Mama Digidigi akauliza.

"Niliyatunga," akasema Korongo. "Siku ya kwanza niliwaona mlivyokonda. Nikashindwa kuwaambia. Mliposhangilia, nikashindwa kuacha."

Mama Digidigi akawavuta wanawe kifuani. Hakumtukana.

Kesho yake Nyani akakibomoa chombo cha pili. Kwa chuma chake akafua sururu. Wanyama wakachimba kwenye mkondo mkavu wa mto, siku tisa, wakapata maji ya tope. Wakayachuja, wakanywa. Korongo alichimba pamoja nao, lakini vikombe hakuvivaa tena. Alivivaa Pimbi. Na ile sayari ya buluu, chombo kinaizunguka hadi leo, kikisema kinachokiona.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: anayewaletea habari njema kila siku, muulizeni amezipataje, kabla hamjawafunga watoto mikanda.

Hadithi yangu ndiyo imeishia hapo, na koo limenikauka.