Sange, Fisi na Hisa za Fuko

Wenyewe mpo?

Tupo, tumekaa.

Ngano niiingize?

Iingize, mlango hauna komeo.

Nikiipotosha?

Tutakurudisha njiani.

Haya. Hapo zamani, upande wa huku wa mto, aliishi Sange. Sange mnamjua: mdogo kama panya, miguu kama vijiti, pua ndefu isiyotulia. Huyu wetu alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na akiba yake yote ya kiangazi alikuwa ameitia katika kampuni ya Fuko.

Fuko alikuwa fundi. Aligundua namna ya kuchimba handaki jembamba na kuzipigapiga kuta zake kwa paji la uso, pu, pu, pu, mpaka zikawa ngumu na laini kama chungu kilichochomwa. Handaki la namna hiyo lilikuwa na ajabu yake. Ukisema neno kwenye tundu la huku, linakwenda, vuuu, linatokea kwenye tundu la kule, na aliye kule anakusikia kama mmekaa jamvi moja. Mwanzoni watu walicheka. Halafu moto wa nyika ukawaka upande wa mashariki, habari ikapita chini kabla moshi haujaonekana, wanyama wakahama na watoto wao, na hakuna aliyecheka tena.

Ili achimbe zaidi, Fuko alihitaji chakula cha wachimbaji. Wakubwa walikataa kumpa. Waliompa ni wadogo: Kanga alitoa njugu, Kobe akatoa mizizi, panya na kwale wakatoa punje walizokuwa nazo, Sange akatoa ghala zima. Kila aliyetoa alipewa magamba ya konokono yaliyotobolewa kwa jino la Fuko. Gamba moja ni hisa moja. Kila anayetuma sauti huacha kitu kidogo tunduni, na mavuno yakiisha vile vitu hugawanywa kwa kuhesabu magamba. Na sheria ya kampuni ilikuwa moja tu: mwenye magamba mengi ndiye mwenye amri juu ya mahandaki yote.

Basi siku moja Fuko akatangaza, kwenye tundu kuu pale sokoni, kwamba amewapa tembo wa ng'ambo ya mto leseni. Tembo wataruhusiwa kuchimba kwa ufundi wake katika nchi yao, na kila msimu watailipa kampuni.

Watu wakapiga makofi. Walipofika nyumbani wakaanza kujiuliza walichopigia makofi.

Wengine walisema hisa zitapanda. Wengine walisema Fuko amezeeka, amegawa siri yake. Kobe alisema yeye hajaelewa, na mpaka aelewe hatanunua wala hatauza. Sange aliwasikiliza wote, akarudi kwake, akashindwa kula. Aliwatazama watoto wakicheza na akajiuliza kama amewalaza njaa bila kujua.

Hapo ndipo Fisi akaanza kutembea.

Fisi akaenda kwa Kanga. Akaketi. Akaugua, hmmm. Akasema, “Bi Kanga, nakuhurumia. Fuko si amewapa tembo ufundi wake? Sasa tembo wakijua kuchimba, Fuko watamhitaji kwa lipi?”

Kanga akafikiri, akaona kweli. Fisi akamwambia yuko tayari kumsaidia, ayachukue magamba kwa bakuli la njugu. Kanga akauza yote.

Fisi akaenda kwa Kobe. Akaketi. Akaugua, hmmm. Akasema, “Mzee Kobe, nakuhurumia. Fuko si amewapa tembo ufundi wake? Sasa tembo wakijua kuchimba, Fuko watamhitaji kwa lipi?”

Kobe akafikiri taratibu, akauza nusu, maana nusu nyingine ya kichwa chake ilikuwa bado haijakubali.

Fisi akaenda kwa panya, akaenda kwa kwale. Kila alikokwenda aliketi, akaugua, akahurumia. Kisha akaenda kwa Sange.

“Mama Sange,” akasema, “nakuhurumia wewe kuliko wote. Mjane, na watoto hawa.” Akawatazama wale watoto kwa muda mrefu kidogo.

Sange akamshukuru. Akamwambia hawezi kuuza kitu bila kukifikiria, ampe siku chache. Fisi akasema hana haraka, akaondoka akiwa na haraka.

Sange alibaki na jambo moja lililokuwa likimkera. Kama hisa zile zimeoza, Fisi anazikusanyia nini? Fisi hajawahi kubeba mzigo wa mtu. Jioni ile alikwenda kwenye tundu lake amsalimu dada yake aliyehamia bondeni. Akaingiza pua. Ile pua ndefu, isiyotulia, ikatulia. Ndani ya handaki mlikuwa na harufu ya mdomo uliokula mzoga. Haikuwa mbali.

Akaelewa. Kuna mahali, baina ya tundu lake na la dada yake, Fisi alikuwa ametoboa handaki akaweka sikio. Anasikia nani amezaa, nani anasafiri, watoto wa nani wamebaki peke yao. Na hapo bado anajificha, kwa kuwa handaki si lake. Akipata magamba mengi, hatajificha tena. Ataketi sokoni kwenye tundu kuu, asikilize nyumba zote.

Sange hakumwita dada yake. Akatoa pua, akawakusanya watoto wake na kulala nao kifuani.

Alfajiri akaenda kwa Fuko. Akamwuliza waziwazi kama makubaliano yale ni mazuri au mabaya.

Fuko alikuwa mtu mkweli, na wakweli hawafurahishi. Akamwambia hajui. “Ufundi sijauza,” akasema. “Nimewaruhusu waimbe wimbo wangu, na mimi sijawa bubu. Lakini udongo wa ng'ambo ni mfinyanzi. Handaki lao la kwanza limeporomoka, mtoto wa Tembo amezama mguu.”

Sange akauliza kama mtoto ameumia. Fuko akasema hapana, alicheka, akataka kuzama tena. Ila baba yake anakuja siku ya soko, amesema anataka kuonana na mwenye kampuni. Anakuja kuendelea au kuacha, Fuko hakujua.

Njiani Sange alilipima lile neno. Anayetaka kuacha jambo, aliwaza, hukaa kwao akanyamaza. Havuki mto mzima, pamoja na mwili ule, kuja kusema ameacha. Hakuwa na hakika. Alikuwa na hiyo fikira moja tu, na watoto wawili, na siku zenyewe zilikuwa chache.

Akaenda kwenye tundu lake. Akaingiza pua. Harufu ipo. Akamwita Kobe, ambaye tundu lake lilikuwa kwenye handaki lilelile, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kunong'ona.

“Mzee Kobe, handaki la kwanza la ng'ambo limeporomoka. Mtoto wa Tembo amezama mguu.”

“Lo,” Kobe akasema. “Na baba yake?”

“Anakuja siku ya soko. Anataka kuonana na mwenye kampuni.”

 Kobe akauliza mwenye kampuni ni yupi hasa.

“Sheria unaijua, Mzee. Ni mwenye magamba mengi.”

 Halafu, mahali fulani katikati, kitu kikajikwaa, kokoto zikamwagika, chururu, na ile harufu ikapotea.

Asubuhi yake Fisi akaenda kwa Kanga. Akaketi. Hakuugua. Akasema amewaza akaona si vizuri kumnyang'anya jirani mali yake, kwa hiyo anamrudishia magamba, ampe nusu ya zile njugu tu. Lakini Kanga alikuwa ameshasikia habari za mguu wa mtoto wa Tembo kutoka kwa Kobe. Akasema yeye na ukubwa wake hawezi kusimama mbele ya tembo mwenye hasira. Fisi akasema basi robo. Kanga akasema hata bure hataki.

Fisi akaenda kwa Kobe. Kobe akaangalia mgongo wake mwenyewe, akasema yeye amezoea kubeba, akachukua yale yake, si zaidi. Panya wakakataa. Kwale wakaruka kabla hajaketi.

Jasho likimtoka, Fisi akaenda kwa Sange.

Sange alikuwa akifagia. Akamkaribisha. Fisi akamwomba ayachukue magamba yote yaliyobaki, bure.

“Mzigo mkubwa hivi?” Sange akauliza. “Mjane kama mimi?”

Fisi akasema ataongeza njugu. Sange akaendelea kufagia. Fisi akasema ataongeza na mizizi. Sange akafagia mpaka miguuni pa Fisi, akamwomba asogee kidogo. Mwisho Fisi akasema atatoa kila alichonacho ghalani ambacho mnyama wa majani anaweza kukila, na atakwenda sasa hivi sokoni kutangaza mbele za watu kwamba magamba si yake. Sange akaweka ufagio chini, akasema atajaribu kumsaidia.

Wakaenda. Fisi akatangaza kwa sauti iliyopasuka, mara mbili, asije mtu akasema hakusikia.

Siku ya soko ikafika. Ardhi ikaanza, ti. Ikanyamaza. Ti. Tiii. Maji ya mtoni yakapanda kingo, swaa, na Tembo akatokea, ameloa, masikio yakipepea. Soko likatawanyika. Kanga alikuwa juu ya mti. Kobe hakukimbia, lakini alionekana gamba tu. Fisi alikuwa kichakani, amelala chali kwa raha, akingoja kuona Sange atakavyokanyagwa awe bapa kama ukindu wa jamvi.

“Mwenye kampuni ni nani?” Tembo akauliza.

Sange alibaki peke yake katikati ya vumbi la waliokimbia. Wakati ule alitamani angekuwa ameuza, hata kwa bakuli la njugu. Lakini hapakuwa na mwingine wa kujibu.

“Ni mimi,” akasema.

Tembo akainama, akatafuta sauti ilikotoka, akamwona. Akashusha mzigo uliokuwa mgongoni, pwaa. Ulikuwa mihogo, mikungu ya ndizi na mtama.

Akaeleza, kwa utaratibu wa watu wakubwa, kwamba handaki la kwanza limeporomoka, ndiyo, lakini kosa lilikuwa lao, hawakuchimba chini ya kutosha. La pili limesimama. Bibi yake, ambaye hakuwa amesikia sauti ya mwanawe tangu mwana huyo alipohamia mwisho wa nchi yao, amezungumza naye mpaka tembo wengine wakamwomba apishe. Haya ndiyo malipo ya msimu wa kwanza. Na amekuja mwenyewe, kwa sababu jambo la heshima halitumwi, kuomba leseni ienezwe mpaka nchi ya milimani, na malipo yaongezwe sawasawa. Je, mwenye kampuni anakubali?

Sange akasema anakubali.  Kisha, wakati watu wakirudi sokoni mmoja mmoja, akatoa amri yake ya kwanza: Fuko apite kwenye kila handaki, na kila tobo asilolitoboa yeye alizibe.

Kanga akashuka mtini. Akasema hakutendewa haki, kwamba Sange angemwambia yote aliyoyajua naye angechukua magamba yake.

“Ningekuambia, ungesema,” Sange akamjibu. “Na ungesema ndani ya handaki.”

Kanga akakiri kwamba angesema. Sange akamhurumia, akamuuzia magamba machache. Kwa bei ya siku ile. Kanga alinunua, na mpaka leo wakipishana njiani wanasalimiana, lakini hawasimami.

Fisi naye akatoka kichakani, majani yamemganda mgongoni. Akasema mbele za watu kwamba Sange ni mwongo, amemdanganya, arudishiwe mali yake.

“Neno gani nililosema lilikuwa uongo?” Sange akauliza.

Fisi akafikiri. Handaki liliporomoka kweli. Mtoto alizama mguu kweli. Baba yake alikuja kweli, akamtaka mwenye kampuni kweli. Akatafuta, akatafuta, hakuliona.

“Basi,” akasema, “kama ni hivyo, hata mimi sikumdanganya mtu. Tembo walipewa ufundi au hawakupewa? Nilisema neno gani la uongo?”

“Ulisema unatuhurumia,” Sange akasema.

Soko zima likamgeukia Fisi. Fisi akaona heri aondoke, na akaondoka, kwata, kwata, kwata, miguu ya nyuma ikichelewa kama kawaida yake. Sange akawaita watoto wake waje wasaidie kubeba ndizi.

Funzo la ngano hii, wenzangu, liko wazi. Kwanza, ukiwa na hisa na hujui thamani yake, usihangaike kwenda kumwuliza fundi. Atakuambia hajui, na atakupotezea asubuhi. Mngoje mtu mkubwa apite akuonee huruma, umuuzie hapo hapo, maana mkubwa amekwisha shiba, hana sababu ya kukudhulumu. Na la pili, ni vibaya sana kusikiliza maongezi ya watu, kwa sababu unaweza ukasikia ukweli.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeisikia yote aende nayo nyumbani. Aliyesikia nusu asiende kuuza kitu.